Mlango wa Mjomba na Neno Hatari

Mtoto wa Katesh au wa Mbulu mjini hulijua neno HATARI kabla hajajua kusoma vizuri. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye transfoma ya umeme, na hapohapo pamechorwa fuvu la mtu na mifupa miwili. Mama anakuvuta mkono, anakwambia usisogee hapo. Basi leo, wanangu, nataka kuwasimulia jinsi neno hilohilo, bila kutafsiriwa, lilivyobandikwa kwenye kuta za majumba ya sinema ya Marekani, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Japani, na jinsi lilivyofika pia kwenye mlango wa ghala la mjomba wangu kule Dongobesh, nikalichana kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1960 mwongozaji wa filamu kutoka Marekani, Howard Hawks, alikuja Tanganyika na kundi kubwa la waigizaji na wapiga picha. Uhuru ulikuwa bado. Sisi wa Mbulu tulikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini, na makao ya jimbo yalikuwa Arusha. Mwigizaji mkuu alikuwa John Wayne, ambaye dunia ilimzoea akiwa juu ya farasi katika filamu za kauboi. Alifuatana na Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani, Gérard Blain wa Ufaransa na Red Buttons wa kwao Marekani.

Hadithi ya filamu yenyewe ni nyepesi. Kuna watu wanaoishi kwa kukamata wanyama wakiwa hai, ili wauzwe kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Wanamkimbiza twiga au kifaru kwa gari, na mmoja wao amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa, juu ya tairi, ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Kifaru akigeuka, mwenye kiti ndiye wa kwanza kukutana naye. Hawks alitaka waigizaji wenyewe waifanye kazi hiyo, na aliyewaelekeza ni Willy de Beer, mkamataji wanyama wa hukuhuku Tanganyika. Kwa hiyo ukiiangalia leo, vumbi unaloliona ni vumbi la nyika zetu, na mlima unaosimama nyuma ya Momella, mahali walipopigia picha, ni Meru. Hardy Krüger aliipenda Momella kiasi kwamba alinunua shamba palepale akaishi hapo miaka mingi. Alifariki mwaka 2022, na sehemu ya mahali pale leo ni nyumba ya wageni inayoitwa kwa jina la filamu.

Filamu ilitoka mwaka 1962, Tanganyika ikiwa tayari ina bendera yake. Ikaitwa Hatari!, na alama ya mshangao mwishoni. Mimi hapo ndipo ninaposimama kila mara nikashangaa. Desturi ya biashara ya sinema ni kwamba filamu ikivuka mpaka inavuliwa jina na kuvikwa jingine, ili watu wa huko walielewe. Hii ilivuka mipaka na jina lake. Ujerumani ilikuwa Hatari!, Ufaransa Hatari!, Italia Hatari!, na Wahispania wakaongeza tu ile alama yao ya mshangao inayosimama kichwa chini. Wajapani waliliandika kwa herufi zao, lakini ukisomewa, sikio lako linalipokea vilevile: ha-ta-ri. Fikirini mtoto wa kule amesimama mbele ya jumba la sinema na ndizi yake mkononi, anatamka neno la bibi yenu.

Sasa tuliangalie bango lenyewe. Bango la filamu ni karatasi ya kuitia watu. Linachorwa ili mpita njia asimame, aulize bei ya tiketi, aingie. Filamu ikihama mji, kazi ya bango imekwisha. Hakuna aliyelichapa akifikiri litatimiza miaka 60. Bango la Marekani la Hatari! lilichorwa na Frank McCarthy, fundi wa kuchora vitu vinavyokimbia: kifaru amelijia gari, na watu wameng'ang'ania.

Mabango ya kawaida ya Marekani ya siku zile yalikuwa ya kusimama, inchi 27 kwa 41, yaani karibu sentimita 69 kwa 104. Ya Uingereza yalikuwa ya kulala, inchi 30 kwa 40. Yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, ndiyo maana bango la kweli la miaka ile lina mistari ya mikunjo inayokatana kama njia za shambani. Mtu akikuuzia bango la mwaka 1962 lililonyooka kama shuka lililopigwa pasi, muulize maswali. Na pembeni chini kuna namba. Kampuni ya National Screen Service, iliyosambaza mabango ya studio nyingi za Marekani kwa miaka mingi, ilichapa tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, kisha namba ya filamu. Ukiona 62 mwanzoni, umeujua umri. Ikitangulia herufi R, ujue filamu ilikuwa imerudishwa kwenye kumbi kwa mara nyingine, na bango ni la safari hiyo ya pili.

Kwa nini yamebaki machache? Kwa sababu yalikuwa ya kurudishwa. Ukumbi mmoja ukimaliza, bango linapelekwa ukumbi mwingine likiwa na matundu ya pini, mpaka linachakaa. Mengine yalibandikwa ukutani, na wiki iliyofuata bango jipya likabandikwa juu yake. Na yale ya zamani zaidi yalikuwa na balaa jingine: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani walikusanya karatasi kuukuu ili zitumike upya, na mabango yakaenda humo kwa mafungu. Kitu kikiwa adimu bei hupanda: bango la filamu ya Kijerumani Metropolis ya mwaka 1927 liliuzwa kwa dola 690,000 mwaka 2005. Karatasi, wanangu! Na si karatasi tu. Viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939, jozi mojawapo, viliibwa kwenye jumba la makumbusho la Minnesota mwaka 2005, vikapatikana mwaka 2018, na Desemba 2024 vikauzwa mnadani kwa dola milioni 28 kabla ya ada. Nawatajia fedha hizi kwa sababu najua mngeniuliza. Lakini nina hakika walioyaokoa mabango ya kwanza hawakuyaokoa kwa fedha, maana hayakuwa na bei. Waliona uchungu tu kuyatupa.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa utingo wa lori lililopanda kutoka Arusha mpaka Mbulu, na Arusha siku hizo ilikuwa na jumba la sinema la Metropole. Huko mjini mtu alimpa karatasi iliyokunjwa, akaja nayo Dongobesh kifuani, ndani ya koti, ili isilowe. Alipoikunjua, nyumba nzima ilinyamaza. Sisi watoto hatukujua sinema. Tulijua kifaru kwa masimulizi na gari kwa kulisikia likipanda kilima. Lakini yale maandishi makubwa tuliyajua, maana shuleni tulikuwa tumeshaanza kuunganisha silabi. HA. TA. RI.

Akaibandika kwenye mlango wa ghala la mahindi, upande wa ndani, pasipofika jua. Ulikuwa mlango wa mbao mbili pana zilizounganishwa kwa vipande vya kupigilia. Gundi yake aliipika mama: unga wa ngano na maji, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka uji unakuwa mzito na unaanza kung'aa, unauacha upoe, unapaka kwa kipande cha gunia. Mnajua ngano kwetu si kitu kigeni. Kabla hata ya mashamba makubwa ya shirika la umma la NAFCO kule Basotu, wilayani Hanang, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada juu ya malisho ya Wabarbaig (hiyo ni hadithi nzito, inataka siku yake peke yake), wakulima wa Mbulu walikuwa wanapanda ngano. Kwa hiyo kifaru wa Hollywood alishikwa mlangoni kwa chakula chetu wenyewe.

Nilipokuwa darasa la sita nilitaka kumwonyesha rafiki yangu shuleni. Mjomba alikuwa safarini. Nikaingiza ukucha kwenye pembe ya juu kushoto, nikavuta. Ilikubali kidogo, nikapata moyo, nikavuta kwa nguvu. Sauti yake naisikia mpaka leo, ile sauti kavu ndefu. Karatasi ilipasuka kufuata ufa wa katikati ya zile mbao mbili. Mkononi mwangu nilibaki na vipande vya upande wa kushoto, na kilicho kikubwa kuliko vyote kilikuwa na herufi nne: HATA. Kule mlangoni zilibaki RI na alama ya mshangao, na nusu ya kifaru.

Mjomba aliporudi alisimama mbele ya mlango muda mrefu. Hakunipiga. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, basi akaniambia, "Mjomba, ungeningoja." Hayo tu. Ningependelea fimbo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisoma jinsi mafundi wa ng'ambo wanavyotengeneza mabango yaliyochanika. Wanatandika kitambaa cha turubai, wanalilaza bango juu ya karatasi nyembamba, wanalibandika hapo, kisha wanaziba nyufa na kupaka rangi palipochubuka. Nikafika kwenye sehemu inayoeleza gundi wanayoitumia. Ni ya wanga wa ngano. Ni ndugu wa ile ya sufuria ya mama! Na sababu yao ya kuichagua ndiyo iliyonifanya nifunge kitabu nikatoka nje kidogo: gundi ya ngano hukubali kuachia. Ukiilowesha kwa maji taratibu na ukaipa muda, inalainika, karatasi inatoka nzima. Mimi nilikuwa nimevuta ikiwa kavu. Ndoo ya maji ilikuwa hatua tano kutoka pale niliposimama.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuokota karatasi za sinema, na nimegundua kwamba huhitaji kwenda London. Angalieni vibanda umiza vyetu, vile vya kuonyeshea video. Nje ya kibanda kuna ubao, au kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, na juu yake mtu ameandika kwa chaki: saa 8 mchana picha ya Kihindi, saa 10 ya vita, saa 1 usiku mpira. Kesho yake anafuta kwa kitambaa kilicholowa. Kule Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye video za kuzunguka vijijini walikuwa na shida kama hiyo, hawana mabango ya kuchapwa. Wakawapa kazi wachoraji wa mabango ya dukani. Hao walipasua magunia ya unga, wakayaunganisha kwa kushona, wakachora juu yake kwa rangi ya mafuta majoka, mapanga na damu, mara nyingine mambo ambayo hata kwenye filamu hayamo. Watu waliyakunja na kuyasafirisha mpaka yakapauka. Leo magunia hayo yananing'inia kwenye majumba ya sanaa ya Marekani na Ulaya. Unga tena, mnaona. Ubao wa chaki wa Haydom au Katesh hauwezi kukunjwa, lakini unaweza kupigwa picha kabla haujafutwa, na simu mnazo.

Halafu kuna makava ya DVD. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu muda wake ni huu. Kati ya miaka ya 2000 na katikati ya miaka ya 2010, filamu za Bongo zilitoka kwa mamia, zikauzwa Kariakoo na kusambaa mpaka minadani kwetu. Girlfriend ya mwaka 2003, Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, na nyingine nyingi zilizogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue mara mbili. Kuna zile za ng'ambo zilizotiwa maneno ya Kiswahili na DJ Lufufu, ambaye hakutafsiri tu, alimpa kila askari wa Kimarekani na kila mpiganaji wa Kichina ulimi wa uswahilini. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, sura yake ilikuwa kila mahali, kwenye fulana, kwenye makava, kwenye vioo vya daladala. Kisha zikaja flashi, zikaja simu, na DVD zikawa taka. Nimeona makava yakifungia karanga kwenye mnada wa Katesh. Nilinunua karanga ambazo sikuzihitaji, mafungu manne, muuzaji akanishangaa nilipozimimina mfukoni na kuinyoosha karatasi kwa kiganja.

Kava nalo lina umri wake unaosomeka. Likiwa na stika ya TRA, limetoka kiwandani au dukani mwaka 2013 au baadaye, maana ndipo stempu hizo za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu. Lisipokuwa nayo, huenda ni la kabla ya hapo, au ni la wizi. Na la wizi lisitupwe! Lina habari zake: nani alilinakili, picha gani ya filamu nyingine aliichomeka, Kiingereza gani alikiandika. Ni kama ile namba ya pembeni ya bango la Marekani, ukijua pa kuangalia karatasi inakusemesha.

Mkishaokota, msikimbilie duka la steshenari kuipiga laminesheni. Najua vyeti vyetu vyote tumevipiga. Ile nailoni ya moto inaungana na karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa bila kuiharibu. Selotepu nayo muiogope, inageuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Karatasi za bei nafuu zimetengenezwa kwa massa ya mti, zina asidi ndani yake, jua likizipiga zinakuwa njano na kukatika kama majani ya mahindi ya Agosti. Zilazeni kwenye tranka la shule, kila moja na karatasi nyeupe safi katikati, tranka liwe juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na mbali na jiko la kuni. Nyuma yake andikeni kwa penseli, wala si kwa kalamu: wapi, lini, kwa nani. Huku kwetu juu, ukungu wa Mbulu unaingia mpaka ndani ya godoro, kwa hiyo siku ya jua fungueni mfuniko, pakae wazi kivulini saa moja.

Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliporomosha matope juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na sitaki kuliweka jambo hilo sawa na mambo ya karatasi. Lakini kuna waliopona ambao walirudi kuchimba mahali nyumba zao ziliposimama, wakitafuta picha za waliowapoteza. Kama mna ndugu mwenye picha zilizolowa na kushikana, mwambieni asizivute zikiwa kavu. Azirudishe kwenye maji safi ya baridi, asubiri zikubali zenyewe, kisha azitandaze kivulini, uso juu. Naijua haraka ile inayoingia kwenye vidole.

Mjomba alifariki bila mimi kumweleza habari za gundi. Ghala lilibomolewa, na mlango ukahamia kwenye banda la mbuzi la binamu yangu, ukiwa umelazwa kama sehemu ya paa la ndani, chini ya bati. Mwaka juzi nilimwomba aniteremshie. Tuliuweka uwanjani juu ya mawe. Nusu ya kifaru ilikuwa imekwenda, pembe ya chini iliyopaswa kuwa na namba panya walishaitafuna, lakini herufi zilikuwepo, zimefifia, zina vumbi la samadi. Nilitumbukiza kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua nusu, nikakitandaza juu ya karatasi. Binamu alitaka kuanza baada ya dakika tano. Nikamwambia tunywe chai kwanza. Tulikunywa vikombe viwili kila mmoja, nikaongeza maji mara tatu, na watoto wa nyumba ile wakakaa kimya wakinitazama kana kwamba naagua.

Kisha nikaingiza kisu cha kupakia siagi chini ya pembe, nikakisukuma. Karatasi iliachia kama ganda la kiazi kilichoiva. Chini yake mbao ilikuwa na utelezi mweupe, na nilipousogezea pua ulinukia unga.

Sasa vipande vyote viwili vimelala ndani ya tranka langu, uso juu. HATA niliyobaki nayo siku ile upande huu, RI na mshangao wake upande ule. Katikati yake kuna nafasi ya upana wa kidole, pale ulipokuwa ufa wa mlango.